Soma Kabla ya Kutia Saini: miezi kumi na mashetani wa Descent into Avernus

Dereva wa bajaji alitia saini bila kusoma. Nilikuwa nimeuchapa mkataba ukurasa mmoja na nusu, nikautoa kwenye printa ya ofisi bosi alipokwenda mahakamani, nikaunguza pembe zake kwa kiberiti ili ufanane na kitu kilichotoka motoni. Akaupokea, akaugeuza, akauliza swali moja tu: "Dada, naandika wapi?" Mwalimu wa hesabu aliyekaa kulia kwake akafumba macho kama mtu anayeona gari linarudi nyuma kuelekea mtaroni.

Usiku ule nilisamehe makosa mengi ya kitabu hiki. Yapo, na nitayataja.

Kitabu ni Baldur's Gate: Descent into Avernus, kisa kirefu cha mchezo wa Dungeons & Dragons, toleo la tano, kilichotolewa na Wizards of the Coast mwaka 2019. Jalada gumu, kurasa 256, bei iliyoandikwa dola 49.95. Changu kilikuja Dar ndani ya begi la binamu, kimebanwa kati ya viatu na vitamini za mama, ndiyo maana kona moja imebonyea. Kwa asiyeujua mchezo huu: mnakaa mezani, kila mtu ana mhusika wake, mmoja anaendesha hadithi na kuwa watu wengine wote, kuanzia muuza samaki hadi malkia wa Jehanamu. Palipo na shaka, dadu ndiyo mwamuzi. Kwetu mwendeshaji ni mimi. Wachezaji ni wanne: huyo dereva, mwalimu, fundi simu wa mtaa wa pili, na mdogo wangu anayesomea uuguzi. Jumamosi usiku, sebuleni, chapati na maharage, feni inalia.

Mchana mimi ni karani kwa wakili. Miaka tisa sasa nachapa mikataba ya pango, ya kuuza viwanja, ya mikopo. Naisema hii kazi yangu ili mjue natazama kwa jicho gani. Joka likitema moto, sawa, nalihesabia pigo la dadu na maisha yanaendelea. Shetani anayekuja na karatasi ndiye ananitoa jasho, kwa sababu namfahamu. Nimeshamwandikia barua zake.

Ndani ya mchezo huu, mashetani si pepo wa kuvunjavunja vitu ovyo. Hao wa ovyo wapo, ni kabila jingine, na hao wawili wamo vitani siku zote, vita inayoitwa Vita ya Damu. Shetani ni mwovu anayefuata sheria. Ana cheo, ana bosi, bosi ana bosi wake, na bosi wa wote, katika tabaka zote tisa za Jehanamu, ni Asmodeus. Neno alilolisaini halivunji. Atakuumiza kwa lile uliloliacha bila kuliuliza. Na roho anazitaka kwa sababu ya kiutawala kabisa: roho iliyoharibika inazaliwa upya huko chini kama lemure, donge la nyama lisilo na akili, nalo linapelekwa mstari wa mbele. Kwa maneno mengine, shetani anaandikisha jeshi. Mtu akishaelewa hivyo, mazungumzo yote yanabadilika, maana anayekubembeleza ana idadi ya kufikisha mwisho wa mwezi.

Wengi wanaoendesha mchezo wanamtumia shetani kama mnyama wa kupigana. Wanafungua ukurasa, wanasoma kwamba moto haumdhuru, kwamba silaha ya kawaida isiyo ya fedha inamkwaruza tu, wanarusha dadu, anakufa. Tena akifia nje ya Jehanamu hafi kweli, anarudi kwao kujipanga. Sijui kwa nini ununue mnyama wa namna hii halafu umtumie kama simba. Simba wapo, na ni rahisi zaidi kuwaendesha.

Descent into Avernus inaelewa jambo hili vizuri kuliko kitabu kingine chochote cha mchezo nilichowahi kuendesha, na inalielewa kuanzia kwenye mzizi wa hadithi. Mji wa Elturel ulikuwa unasumbuliwa na wafu wasiolala. Siku moja likatokea angani jua la pili, wakaliita Mwenzi, likawateketeza wafu na kuangaza mji usiku na mchana. Mtawala wao, Thavius Kreeg, akaichukua sifa yote. Wasichokijua raia ni kwamba Kreeg alikuwa ameomba msaada kwa Zariel, mtawala wa Avernus, tabaka la kwanza la Jehanamu, na mkataba ulikuwa wa miaka 50. Muda umekwisha, mji mzima umevutwa chini. Watu walioapa kiapo cha kuutumikia mji, bila kujua kiapo chenyewe kimefungamanishwa na deni la mtu mwingine, nao wamo. Sasa mji unaning'inia angani juu ya mto Styx, umefungwa minyororo, unateremshwa polepole.

Aliyesaini ni mmoja. Waliouzwa ni mji. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini nikaenda kuchemsha chai.

Mwaka 2020 nilikopa kwa mkopeshaji wa mtaani, ile mikopo mnayoijua, kausha damu. Simtaji, na wala sikutapeliwa: kila alichonifanyia kilikuwa kwenye karatasi. Kadi ya benki alibaki nayo kama dhamana, pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, yeye ndiye wa kwanza kuuona. Mimi, karani wa wakili, mwenye miaka kadhaa ya kuchapa vifungu kama vile vile, nilisaini kwenye benchi la nje nikiwa nimesimamisha bodaboda. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na harusi yangu ilikuwa kodi ya nyumba ya miezi sita. Kwa hiyo dereva aliponiuliza "naandika wapi", sikucheka.

Niseme na haya ya nyumbani. Mama, mtu wa Tanga, alipita sebuleni kikao cha pili akasikia mdogo wangu anamwita Zariel kwa jina. Akasimama mlangoni. "Mwanangu, majina hayo hayatajwi magharibi." Nikamweleza ni mchezo. Akasema anajua ni mchezo, na akafukiza ubani chumba kizima, wachezaji wakakohoa hadi saa nne. Simlaumu. Pwani hakuna mtoto aliyekua bila kusikia habari za tajiri fulani aliyepewa mali na jini kwa sharti la kutoa mtu wa nyumbani mwake. Hadithi ya kubadilishana roho na mali haikutujia kutoka ng'ambo, tunayo. Na wenye mchezo wao huko Marekani walipata mama zao pia: mashetani hawa walitokea kwenye kitabu cha wanyama cha mwaka 1977, miaka ya 1980 wazazi na makanisa wakapiga kelele, na toleo la pili lilipotoka 1989 maneno "shetani" na "pepo" yakawa yameondolewa, baadaye mashetani wakapewa jina la kubuni, baatezu. Sharubu zile zile, kofia mpya. Jina la zamani likarudi baadaye na mchezo haukufa.

Turudi kwenye bidhaa. Kitu bora kuliko vyote humu ndani ni sarafu ya roho. Ni sarafu nene ya chuma cha Jehanamu, na ndani yake imefungwa roho ya mtu. Inatumika mara tatu tu. Unaweza kuinyonya ikakuongezea uhai kidogo wa muda, au unaweza kuiuliza swali nayo ikakujibu kichwani mwako kwa ufupi. Ndiyo fedha ya Avernus. Na ndiyo mafuta. Kuna magari ya vita humo, vyuma vikubwa vya kukatisha jangwa, na tanuri la gari linalishwa sarafu. Roho iliyochomwa humo imekwisha.

Sasa fikiria watu wanne waliochoka kutembea, jangwa jekundu, nyuma yao kuna genge linawafukuza, gari wameliiba, funguo wanazo, na mkononi wana sarafu nne. Fundi simu alichukua moja akaiuliza: "Wewe nani?" Kitabu hakikunipa jibu, nikabuni. Nikasema ni fundi viatu, aliuza roho ili mtoto wake apone. Chumba kikatulia. Dereva, mtu anayejua bei ya petroli kuliko sisi sote, akasema taratibu, "Basi tutembee." Walitembea vikao viwili. Hakuna mnyama mwenye meno aliyewahi kunipa kikao kama kile.

Mahali pengine kitabu kinang'aa ni kwa wauzaji wake. Kuna ngao ndani yake amefungwa mkubwa mmoja wa mashetani, Gargauth, anayezungumza na aliyeibeba na kumsifia kutwa kucha. Mdogo wangu aliibeba mhusika wake alipofika ngazi ya 4 ya uwezo, na hadi leo anaitetea. Kuna Mahadi, rakshasa, yaani mwovu mwenye kichwa cha chui-milia, mwenye gulio linalotembea na mgahawa wa kifahari katikati ya vita, anayekukaribisha kwa adabu za shemeji mwenye nia. Nikiwa na Mahadi mezani sihitaji kurusha dadu saa nzima.

Mabaya sasa, na sitazunguka.

Mwanzo ni mbovu. Wachezaji wanaanzia mji wa Baldur's Gate, wanalazimishwa kusaka waabudu wa miungu iitwayo Wafu Watatu, na sura nzima inapita kabla hawajapata sababu ya kuijali Elturel. Sisi tungeanzia Elturel kwenyewe, siku tatu kabla haijazama, kila mtu awe na shangazi huko. Handaki la kwanza nalo ni chinjachinja. Wahusika wa ngazi ya 1 na ya 2 wanakufa kama kumbikumbi. Tulipoteza wawili usiku mmoja, na mmoja wao alikuwa na jina kwa dakika ishirini tu.

Katikati pia panalegea. Ukishafika Avernus, unamfuata Lulu, tembo mdogo wa dhahabu mwenye mabawa aliyepoteza kumbukumbu, naye anakutuma huku, wa huku anakutuma kule, wa kule anataka kifaa. Lulu mwenyewe nampenda. Ila jangwa lote lile limegeuzwa foleni ya dirisha la serikali: nenda dirisha namba tatu, rudi na nakala.

Kinachoniudhi zaidi kinahusu kazi yangu. Kitabu kinachosimama juu ya mkataba kimeweka habari za mapatano na mashetani kwenye kiambatisho cha nyuma, kurasa chache. Zilizopo ni nzuri: shetani wa cheo gani anaweza kutoa zawadi gani, na anaweza kudai nini. Mwandiko wa Jehanamu umechorwa herufi kwa herufi, ukitaka unaandika nao. Lakini mimi nilitaka vifungu. Nilitaka mikataba kumi iliyokamilika, mmoja wa imp, shetani mdogo, mwenye tamaa ndogo, mmoja wa pit fiend, shetani wa cheo cha juu, mwenye mawakili, yenye mianya iliyofichwa ambayo mchezaji makini angeiona. Mwendeshaji asiyechapa mikataba kwa riziki yake atafanya nini? Ataishia kusema "nipe roho yako nikupe upanga", na mchezaji mwenye akili timamu atakataa, na shetani atarudi kuwa simba.

Kwa hiyo niliandika mwenyewe, na hapa ndipo nataka mwenye kitabu hiki anisikilize. Usiombe roho. Hakuna mkopeshaji anayeanza kwa kuomba nyumba. Mhusika wa mdogo wangu alikufa mikononi mwa genge la jangwani, na usiku ule akaja erinyes, shetani mwenye mabawa, amekunja mikono, hana haraka. Anaweza kumrudisha. Anachotaka ni sarafu saba za roho ndani ya siku saba. Roho za wengine, siyo yako. Mkopo mdogo, rejesho fupi. Dereva, ambaye mhusika wake ni mbilikimo mhunzi anayeitwa Mzee Nyundo, akasaini kama nilivyosema.

Ndipo nikatoa ukurasa wa pili. Nafasi ya mdhamini.

Hakuna Mtanzania anayehitaji kuelezwa neno hilo. Kifungu cha sita kilisema mdaiwa akifa au akikimbia kabla ya kumaliza deni, mdhamini ataingia mahali pake kwa mwili na roho. Fundi simu, ambaye yupo kwenye madeni ya watu watatu mtaani kwa kushindwa kusema hapana, aliishika ile kalamu muda mrefu. "Nyundo hatakufa, eti?" aliuliza. Dereva akasema, "Wallahi kaka, nitakuwa makini." Akasaini. Vikao vilivyofuata, kila Mzee Nyundo alipochomoa shoka, fundi alikuwa anapiga kelele arudi nyuma ya ngao. Katika miezi kumi ya mchezo, kifungu hicho kimoja kimeleta hofu kuliko mashetani wote waliochorwa kitabuni, na sikukipata kitabuni.

Mdogo wangu mwingine, wa mwisho, hachezi nasi lakini anacheza Baldur's Gate 3 ya kampuni ya Larian kwenye kompyuta, ile ya 2023, inayoendelea muda mfupi baada ya mambo ya Elturel. Yeye anasema shetani wake Raphael ndiye muuzaji bora. Nimekaa nyuma yake nikatazama, na nakubali kwa sehemu: Raphael anatokea wakati umekwama kweli, anakupa chakula kabla ya kukupa masharti, na hakulazimishi kamwe. Hiyo ni elimu ya bure kwa mwendeshaji yeyote. Lakini maneno yake yote yamekwisha kurekodiwa. Huwezi kumwambia "kifungu cha tatu kina tatizo."

Maana mwalimu alifanya hivyo. Alikuwa hajasaini chochote, aliomba tu kuusoma. Akasoma wakati sisi tunakula, kidole kinafuata mstari, kama anasahihisha madaftari. Kisha akasema: "Hapa umeandika siku ni kuanzia jua kuchomoza hadi jua kuchwa." Nikasema ndiyo. "Avernus kuna jua?"

Avernus haina jua. Anga ni jekundu, mipira ya moto inapita, basi. Tafsiri ile ya siku niliitoa kwenye nakala ya ofisini, mkono ulichapa wenyewe kwa mazoea. Miaka tisa, jamani. Nilijaribu kujitetea kwa kinywa cha erinyes: nikasema Mwenzi, lile jua la pili la Elturel, linaning'inia pale pale juu ya mji. Mwalimu akasema limekuwa donge jeusi, halichomozi wala halichwi, na mkataba unataka vyote viwili. Fundi simu akapiga meza. Na shetani, kwa kuwa ni shetani na siyo pepo, akainama kidogo kwa heshima, akakunja karatasi, akaondoka. Deni lipo, ila siku ya kwanza haijaanza.

Nyota: tatu na nusu kwa kitabu, na nusu hiyo ni ya sarafu. Kinunue kama una mtu mezani anayesoma na mtu asiyesoma. Kama kikundi chako kinataka mapigano tu, hela hiyo kanunulieni dadu na kuku. Cha kidijitali kipo, ila mimi napenda cha karatasi kwa sababu ya ramani ya kukunjua na kwa sababu kikianguka chini saa sita usiku kinaamsha watu vizuri.

Jumamosi iliyopita waliiokoa Elturel. Minyororo ilikatika, mji ukarudi ulimwenguni mahali pake, nikawaelezea kengele, watu wakilia barabarani, harufu ya majani mabichi baada ya miezi ya majivu. Mdogo wangu alifuta macho kwa kanga. Nikasema mashariki kunaanza kupambazuka. Dereva akanyoosha mikono juu kushangilia, na mwalimu akamgeukia polepole, akamwambia, "Kaka. Jua."

Wana sarafu mbili. Fundi simu ameomba nakala ya mkataba, amekwenda nayo nyumbani.